Protini gramu 120 kwa siku na bado anakonda: kisa cha dada mwenye sistiki faibrosisi, Tanga

Mgonjwa na alikotoka

Huyu ni dada wa miaka ishirini na kitu, yuko Tanga mjini, anaishi kwa mama yake mkubwa. Ameridhia kisa chake kiandikwe, ila umri kamili, kazi na mtaa nimevitoa au nimevibadilisha, na hospitali na maduka ya dawa aliyopita sitayataja. Mimi niliingia upande wa lishe tu, dawa za kifua zilikuwa kwa daktari wake.

Toka mdogo ni mtu wa kukohoa makohozi mazito na kuharisha. Alitibiwa TB mara mbili, na mara zote mbili makohozi hayakuonyesha vimelea, walienda na picha ya kifua na jinsi alivyokonda. Ukubwani ndugu zake wakachanga akapelekwa India, kule akapimwa jasho, kloridi (chumvi ya kwenye jasho) ikasoma 96, na kuanzia 60 kwenda juu ndo tunasema ni sistiki faibrosisi. Jeni nazo zikapimwa, nakala zote mbili zina hitilafu ile inayoandikwa 3120+1G>A, ambayo inajulikana sana kwa watu weusi kusini mwa Afrika. Nalitaja hili maana mpaka leo wapo wahudumu wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu, afu mtoto anakula dawa za TB mwaka mzima.

Kwa asiyeujua ugonjwa: jeni ya CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989, ikiwa mbovu kwenye nakala ya baba na ya mama, chumvi na maji havipiti vizuri kwenye seli, kwa hiyo ute wa mwili unakuwa mzito kila mahali. Kwenye mapafu unaleta maambukizi yasiyoisha. Kwenye kongosho unaziba mirija, na vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga havifiki kwenye utumbo. Kama watu 85 mpaka 90 katika kila 100 wenye ugonjwa huu kongosho lao halitoshelezi, na huyu dada ni mmoja wao. Ndo maana alirudi na kapsuli za vimeng'enya kwenye begi.

Hali aliyokuja nayo

Kilo 41, urefu mita 1.60, yaani BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 16. Kwa mwanamke mzima mwenye ugonjwa huu tunatafuta 22 au zaidi, ambayo kwake ni kama kilo 56. Mzunguko wa mkono juu ya kiwiko sentimita 20. Akikaa chini kwenye mkeka anainuka kwa kushika kitu. Magharibi ikiingia anasema haoni vizuri njiani, na hilo alilitaja kwa bahati tu wakati anaaga, hakujua kama lina uhusiano na tumbo.

Choo mara tano sita kwa siku, kingi, kinanuka vibaya sana, kinaelea juu ya maji na ukimwaga ndoo hakiondoki, kinaacha mafuta pembeni.

Sasa chakula. Hapa ndo nilipokaa muda mrefu, maana mtu akikwambia "nakula vizuri" hujaambiwa kitu, nikamwomba aniandikie kila kitu kwa siku nne pamoja na saa. Asubuhi chai ya rangi, ute wa mayai matano, viini anapewa paka. Saa nne unga wa protini wa kopo, vijiko viwili na maji. Mchana ugali kidogo na samaki wa kuchemsha, bila nazi, bila mafuta, chumvi kidogo sana kwa sababu mama mkubwa ana presha na nyumba nzima inapikiwa chungu kimoja. Jioni maharage ya kuchemsha na wali, unga wa protini tena. Nikapiga hesabu: protini kama gramu 120 kwa siku, yaani karibu gramu 3 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu mzima mwenye afya anahitaji kama 0.8. Nguvu kwa ujumla haikufika kalori 1,600.

Kwa hiyo mtu alikuwa anakula protini nyingi kuliko mnyanyua vyuma na misuli inaisha. Ushauri aliokuwa amepewa na kila mtu kabla ya hapo, wakiwemo wa kwenye duka lililomuuzia kopo, ni kwamba aongeze protini.

Kapsuli ziko wapi na zinanywewaje

Nikaomba nizione. Chupa ikaja kwenye ule mfuko mdogo wa dawa wa kaki, na juu yake mtu ameandika kwa peni: 1x3. Kutwa mara tatu. Na yeye ni mgonjwa mtiifu, amezinywa hivo hivo kila baada ya saa nane kama antibayotiki: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Chai anakunywa saa mbili, mchana anakula saa tisa akitoka kazini, jioni saa moja na nusu. Kapsuli haikukutana na chakula hata mara moja.

Vimeng'enya si dawa ya kuingia kwenye damu ikae masaa. Vinafanya kazi mule mule tumboni, vikichanganyika na chakula, na chakula kikipita navyo vinapita. Ukivinywa tumbo likiwa tupu umevitupa.

Afu kipimo. Kapsuli ya uniti 10,000, moja, kwa mtu wa kilo 41, ni kama uniti 240 kwa kilo. Miongozo inaanzia 500 kwa kilo kwa kila mlo na kuishia 2,500, na kwa siku nzima usivuke 10,000 kwa kilo. Alikuwa hata nusu ya kianzio hajafika.

Na chupa ilikuwa inakaa juu ya kabati la jikoni, dirisha la magharibi, bati bila silingibodi. Tanga mwezi wa pili hapo juu ya kabati mchana ni tanuri. Lebo inasema isizidi nyuzi 25 na isipate unyevu. Akiwa mgonjwa wa kifua na hawezi kumeza, mama mkubwa alikuwa anafungua kapsuli anamwagia kwenye uji wa moto, na joto hilo linaharibu kile kinachozilinda zile punje na asidi ya tumbo.

Tulichoamua, na kwanini

La kwanza halikuwa chakula. Tulipanga kwanza kapsuli ziingie na mlo: nusu ukianza kula, nusu katikati, zimezwe nzima na maji ya kawaida. Tukapanda taratibu tukiangalia choo, mpaka nne za 10,000 kwa mlo mkubwa na mbili kwa maziwa. Hiyo ni kama 14 kwa siku. Chupa ya kapsuli 100 inaisha wiki moja! Hapo ndo mpango wa karatasi ulipogongana na mfuko wa familia, tukakubaliana na daktari ziagizwe za 25,000, mbili kwa mlo na moja kwa maziwa, saba kwa siku. Kuhifadhi: kontena la mfuniko unaobana, chumbani kwenye kivuli, na za siku moja tu ndo zinatembea kwenye pochi.

La pili mafuta, na hapa palikuwa na mjadala. Mama mkubwa alikuwa mkali na alikuwa na hoja: "Dokta, mie nimemlea huyu, nazi ndo inamuharisha, leo unanambia nimpe nazi?" Nikamwambia mama, umeona sawa kabisa, bila vimeng'enya nazi ilikuwa inamharisha kweli, ila sasa tutaipa mwenzake wa kuisaga, tujaribu wiki mbili kwa kitoweo kimoja tu, ukiona choo kimerudi vile tunaacha. Alikubali kwa masharti ya kwamba yeye ndo anapima nazi.

Kwanini nilishupalia mafuta wakati tatizo ni misuli? Mwili usipopata nguvu ya kutosha unachoma protini kama kuni, haujengi nayo. Na mtu huyu anahitaji nguvu zaidi ya mwenzake mzima, maana mapafu yana vita kila siku na sehemu ya chakula inapotea hata ukimpa vimeng'enya. Kuna kisa maarufu cha hili: miaka mingi Boston walikuwa wanawalisha wagonjwa wa sistiki faibrosisi mafuta kidogo kuzuia kuharisha, Toronto wakawa wanawalisha mafuta kwa wingi na vimeng'enya vingi. Walipolinganishwa kwenye ripoti ya 1988, umri wa kati wa kuishi ulikuwa miaka 21 Boston na 30 Toronto, na wa Toronto walikuwa warefu zaidi, wanaume wao wazito zaidi pia, mapafu hayakutofautiana sana. Mama mkubwa wetu alikuwa anapika kama Boston ya zamani bila kujua.

Chakula kipya kilitoka sokoni kwetu kule kule. Mayai matatu mazima badala ya ute wa matano: protini ni gramu 19 kwa 18, karibu sawa, ila kalori zinatoka 85 zinafika 215, na vitamini A na D ziko kwenye kile kiini alichokuwa anakula paka. Samaki wa soko la Deep Sea, changu au kibua, wa kukaanga au wa kupaka nazi zito. Kisamvu cha nazi na karanga zilizotwangwa. Dagaa wa kusagwa kwenye mchuzi. Maziwa freshi yasiyopunguzwa mafuta, glasi moja ina gramu 8 za protini na kalori kama 150, na Tanga maziwa sio kitu cha kutafuta. Kopo la unga wa protini tukalifuta kabisa, lilikuwa linakula zaidi ya robo ya pesa ya chakula ya nyumba nzima kwa mwezi. Lengo: kalori 2,600, protini gramu 95 mpaka 100, mafuta kama gramu 110. Ndio, protini tuliipunguza.

Vitafunwa vya kati tuliviweka vile visivyohitaji kapsuli: machungwa ya Muheza, embe, ndizi mbivu. Parachichi hapana, lile lina mafuta, linataka kapsuli. Ni ujanja wa kubana matumizi ya dawa, kitabuni haupewi uzito, ila hapa ulituokolea kapsuli kadhaa kila wiki.

Vitamini A, D, E na K, ambazo huingia mwilini pamoja na mafuta, daktari aliandika. Wiki chache baadae giza la magharibi likawa limeisha.

Miezi miwili mizuri, afu Ramadhani

Choo kikashuka mpaka mara mbili, kikawa kinazama. Kilo 43.6. Mama mkubwa akawa anawaambia majirani nazi ni dawa.

Ramadhani ikaingia na joto la kaskazi halijaisha. Tulishaongea, akasema hatafunga. Akafunga kimya kimya. Siku ya tatu akaanguka kazini saa tisa, misuli ya miguu imekaza, anatapika. Sodiamu (chumvi ya damu) 127, ya kawaida inaanzia 135.

Mgonjwa wa sistiki faibrosisi anatoa jasho lenye chumvi nyingi sana. Hilo lilionekana New York kwenye joto kali la 1948, daktari Paul di Sant'Agnese alipojiuliza kwanini watoto wanaozidiwa na joto wengi ni wenye ugonjwa huu, na kipimo cha jasho kimetokana na hapo. Sasa weka mtu huyo Tanga, unyevu ule, hanywi toka alfajiri, na nyumbani anapikiwa chakula cha mtu wa presha. Na akifuturu anaanza na madafu, ambayo kila mtu anaamini yanarudisha chumvi. Madafu yana potasiamu nyingi, sodiamu kidogo. Kwake yeye hayatoshi.

Aliwekewa dripu ya sodiamu kloridi, siku mbili akarudi nyumbani. Baada ya hapo: chumvi ya mezani kwenye sahani yake tu, sio kwenye chungu, na ORS kila siku ya jasho. Swala la kufunga hatukulimaliza sisi, yeye na mama mkubwa walikwenda kwa sheikh wao, akawasomea kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona anatoa fidia, anamlisha maskini kwa kila siku. Kusikia kwa sheikh kulifanya kazi ambayo maelezo yangu ya sodiamu hayakufanya.

Tatizo lingine la mwezi huo lilikuwa futari. Watu wanakula kidogo kidogo toka adhana mpaka saa nne: uji, tambi, mihogo ya nazi, sambusa, afu daku. Yeye alikuwa anameza kapsuli mbili mwanzoni na kuhesabu kazi imeisha, wakati sambusa inakuja saa nzima baadae. Tukaweka: ukikaa zaidi ya nusu saa unaendelea kutafuna, ongeza moja.

Uzito ukagoma

Mwezi wa tano kilo 43, mwezi wa sita 43. Choo kizuri, anakula vizuri, anasema kweli maana mama mkubwa anathibitisha. Hapa ni rahisi kusema ongeza chakula. Nilichomwuliza ni kama anaamka usiku kukojoa. Anaamka.

Sukari ya kufunga ilikuwa 5.8, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) 6.0, na kwenye kliniki moja aliambiwa hana shida. Kwa ugonjwa huu HbA1c inasoma chini, kipimo cha kuaminika ni kunywa glukosi gramu 75 na kupima baada ya saa mbili. Alisoma 13.4, na kuanzia 11.1 ni kisukari. Kongosho lililoziba miaka yote linaharibika mpaka sehemu inayotengeneza insulini, na kwa watu wazima wenye ugonjwa huu kisukari hiki ni cha kawaida sana, kinafikia 40 mpaka 50 kwa mia.

Insulini ndo homoni inayouambia mwili ujenge. Ikipungua, protini inavunjwa na sukari inaondoka na mkojo. Daktari alianzisha insulini kidogo wakati wa milo. Kwa upande wa lishe tulifanya kitu ambacho kiliwashtua wauguzi: hatukupunguza wanga. Soda na chai ya sukari mfululizo tukazitoa, ila ugali, wali na mihogo vikabaki na insulini ikafuata chakula. Lile karatasi la ushauri wa kisukari wanalogawa kliniki, kula kidogo, punguza uzito, acha mafuta, kwake lingekuwa sumu, na alipewa. Alilileta kwangu limekunjwa vizuri.

Matokeo mpaka mwezi wa kumi na moja

Kilo 47.8, BMI 18.7. Mkono sentimita 22.5. Anainuka kwenye mkeka bila kushika kitu. Lengo la 56 bado mbali, na sidhani litafikiwa karibuni.

Uchambuzi

Kilichobeba kisa hiki kwa maoni yangu ni saa za kapsuli. Marekebisho hayo peke yake, kabla hatujagusa chungu, yalipunguza choo ndani ya wiki moja. Maandishi ya 1x3 yasingekuwa na madhara kwa dawa nyingine, kwa vimeng'enya yanafuta tiba nzima, na hakuna aliyeuliza maana mgonjwa alijibu ndio, nakunywa, na alikuwa anasema ukweli. Kwenye mfuko kingeandikwa "na chakula, kila unapokula" ingekuwa hadithi nyingine.

Protini kufuatiliwa peke yake ilipotosha watu wengi. Gramu 120 zinaonekana nzuri kwenye daftari. Ila bila vimeng'enya sehemu yake inafika utumbo mpana haijasagwa, iliyosagwa inachomwa kwa sababu kalori hazitoshi, na inayobaki insulini haipo ya kuipeleka kwenye msuli. Matundu matatu kwenye ndoo moja, na watu wanaongeza maji. Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa huu protini ya 15 mpaka 20 kwa mia ya nguvu yote inatosha, ilimradi hiyo nguvu yote ipo.

Isidhaniwe kilo zote 6.8 ni za chakula. Kwenye mwezi wa nne alipata antibayotiki wiki mbili kwa bakteria wa Pseudomonas kwenye kifua, na mapafu yakitulia hamu ya kula inarudi na mwili unaacha kuchoma sana. Siwezi kutenganisha ipi ilifanya nini.

Kilichoshindikana wazi ni chumvi. Ilipaswa kuwa kwenye mpango toka siku ya kwanza kwa mgonjwa wa pwani, ilisubiri mpaka mtu aanguke. Na kipimo cha glukosi kilistahili kufanywa mwanzoni, inashauriwa kila mwaka kuanzia umri wa miaka 10, yeye hakuwahi hata mara moja.

Kupikia chungu kimoja na mtu wa presha kulitatuliwa na kijiko cha chumvi mezani, jambo dogo, ila lilihitaji mama mkubwa asione kama anaambiwa chakula chake kibaya. Kumpa yeye kazi ya kupima nazi kulisaidia zaidi ya nilivyotegemea, maana toka hapo alikuwa anatetea mpango mbele ya mashangazi waliokuja na dawa za mizizi.

Yaliyo wazi bado

Upatikanaji wa kapsuli unategemea ndugu anayesafiri. Mara mbili zimeisha kabla mzigo mwingine haujafika, na kwa siku hizo tulirudi kwenye matunda, wali, samaki wa kuchemsha na nazi kidogo sana, uzito ukashuka nusu kilo, ukarudi baadae. Kuna watu wamemuuliza kuhusu zile dawa mpya za kurekebisha CFTR yenyewe, za mchanganyiko wa tatu zilizopitishwa Marekani 2019. Mbali na bei, zinafanya kazi pale ambapo jeni bado inatoa protini ya CFTR ya kurekebishwa, na nakala zake zote mbili si za aina hiyo. Kipimo kingine cha vitamini na cha glukosi kimepangwa baada ya mvua za masika, na daktari wake anataka mapafu yapimwe pumzi siku hiyo hiyo ili asipande basi la Dar mara mbili.